Mapipa ya Shinkolobwe

Mwaka 1933, majeshi ya Japani yakikaribia Beijing, wafanyakazi wa makumbusho ya jumba la wafalme walizifunga hazina zake katika masanduku zaidi ya 13,000. Miongoni mwa hazina hizo ni kabichi ndogo ya jedi, jiwe la kijani na jeupe, yenye wadudu wawili waliochongwa majanini. Vita vilipochacha, masanduku yakapelekwa bara kwa treni, mashua na malori, na wafanyakazi wakaandamana nayo. Leo kabichi hiyo iko Taipei, na anayetaka huenda kuitazama.

Nasi wa Shituru, hapa Likasi, Kongo, tuna jiwe lililofichwa vitani. Mgodi wa urani wa Shinkolobwe hauko mbali, uko upande wa magharibi wa Likasi. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, kampuni iliyomiliki mgodi huo, alihofia urani isije ikaangukia mikononi mwa Wajerumani. Akaamuru zaidi ya tani 1,000 za mawe yaliyokwisha kuchimbwa zipelekwe New York. Zikakaa ndani ya mapipa ya chuma, katika ghala la Staten Island, mpaka Septemba 1942, Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alipokwenda kuzinunua. Baadhi ya mawe yale yalikuwa na oksidi ya urani asilimia 65, wakati migodi mingi duniani haifikii hata asilimia moja. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka huku kwetu.

Simlaumu Sengier kwa kumnyima Hitler jiwe lile. Kinachoniuma ni jambo lingine. Wale wa Beijing walificha ili watu waje waone tena. Mapipa yetu yalifichwa hata kwa waliolichimba jiwe, waliolichambua kwa mikono bila kuambiwa linakwenda kufanya nini. Mwaka 1946 Marekani ilimvisha Sengier nishani. Wachimbaji hawakutajwa popote. Hata baada ya vita mlango wa mgodi haukufungwa vizuri: mwaka 2004 serikali ilipiga marufuku uchimbaji Shinkolobwe, lakini watu wakaendelea kuchimba, na mwaka huohuo mgodi ukaporomoka, ukaua watu.

Kumbukumbu za Union Minière zimehifadhiwa Ubelgiji. Serikali yetu iombe majina ya wachimbaji wa Shinkolobwe yatafutwe humo, na yatakayopatikana yaandikwe ukutani hapa Likasi, wakati wajukuu wao bado wako Kikula, Panda na Shituru.