Huruma kwa Fedha za Wengine

Watumishi wengi wa Serikali mjini Dar es Salaam wana ndugu wanaojitafutia riziki Kariakoo: huyu anauza nguo Mtaa wa Kongo, yule anabeba mizigo sokoni. Ndugu hao hawana mwajiri wa kuwachangia matibabu.

Tuseme basi mchukuzi mmoja ana ugonjwa wa presha. Dawa zimemwishia, na fedha hana. Usiku aenda kwa kaka yake mtumishi, asema: "Kaka, niazime kadi yako ya bima, kesho asubuhi tu." Je, ampe? Wengi watajibu upesi: ampe, maana damu ni nzito kuliko maji. Lakini neno hili si jepesi, na yafaa tulitazame polepole.

Kwanza tujue kadi ile ni kitu gani. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001. Mchango wa mtumishi ni asilimia 6 ya mshahara: nusu hukatwa kwake, nusu hutolewa na mwajiri. Mwenye mshahara wa shilingi 600,000 hukatwa shilingi 18,000 kila mwezi, na mwajiri huongeza kiasi kile kile. Faida yake ni kwa mwanachama, mwenzi wake wa ndoa, na wategemezi wasiozidi wanne, kama watoto na wazazi. Ndugu mtu mzima mwenye shughuli zake hayumo.

Tena, si kila dawa hulipiwa. Iko orodha, na humo dawa huandikwa kwa jina lake lenyewe, si kwa jina la kibiashara: parasetamoli ni parasetamoli, hata kama wewe umezoea kuiita Panadol. Dawa nyingine huruhusiwa tangu zahanati, nyingine mpaka hospitali kubwa au kwa daktari bingwa. Asiyejua hayo huambiwa dirishani, "Hii utajinunulia," akatoka akinung'unika kwamba ameonewa.

Mipaka hiyo yote ina sababu moja: mfuko ni wa wengi. Zimo fedha za mwalimu wa Kigoma na za muuguzi wa Lindi, waliokatwa mwezi huu ingawa hawakuugua. Walikubali wakijua kwamba siku yao ikifika, mfuko hautakuwa mtupu. Basi anayeazimisha kadi hatoi chake. Atoa cha mwalimu yule bila kumwuliza. Huo si ukarimu. Mkarimu hukata kipande katika mkate wake mwenyewe.

Na madhara hayaishii kwenye fedha. Dawa za mdogo zitaandikwa kwa jina la kaka. Siku kaka atakapoletwa hospitali hajitambui, daktari atasoma kumbukumbu zake na kukuta presha asiyo nayo na dawa asizokunywa. Naye mdogo, miaka yote aliyotibiwa haitaonekana popote kwa jina lake.

Hata hivyo, kaka atakayesema "haiwezekani", kisha akafunga mlango akalala, hajawa mwema kwa kushika sheria. Mlangoni pake amesimama mgonjwa. Kadi haiazimwi, lakini mshahara ni wake, na miguu ni yake. Amsindikize mdogo wake kwa daktari, aandikishwe kwa jina lake halisi. Wamwombe daktari dawa isiyo ya jina la kibiashara, ambayo mara nyingi bei yake ni nafuu. Fedha zikipungua, wamwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali ya Serikali, maana kazi yake mojawapo ni kusikiliza wasio na uwezo. Kisha jamaa wote wakae, wapange jinsi mchukuzi huyu atakavyopata bima yake mwenyewe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 yakusudia kwamba kila mkazi wa nchi awe nayo; yatupasa kuuliza, tena kwa sauti, watu wa namna yake watafikiwaje.

Njia hii ni ndefu kuliko kuazima kadi, nayo humgharimu kaka usingizi na fedha. Lakini hiyo gharama ndiyo huruma yenyewe.