Manung'uniko ya Mahemani

Katika kundi letu la WhatsApp la mashabiki wa Simba hapa Tunduma yupo mtu ambaye kila akikanywa hujibu hivi: "Mnaonyamaza ndio hamuipendi timu. Mimi nina uchungu." Simbezi. Uchungu anao kweli, na sote tunao. Simba ilibeba ubingwa wa ligi misimu minne mfululizo, wa mwisho ukiwa wa 2020/21, kisha ikakaa ikiitazama Yanga ikichukua minne iliyofuata. Aliyeyapitia hayo ana haki ya kuumia. Ninachouliza mimi ni kama uchungu uliogeuka salamu ya asubuhi na kwaheri ya usiku, mwaka hadi mwaka, bado ni upendo.

Mimi ni wakala wa pesa za simu. Kibanda changu kiko barabarani, si mbali na boda, na Jumapili nafundisha watoto katika Kanisa la Moravian. Kundi naliongoza pamoja na wenzangu wawili. Malori yakipanga foleni, madereva hukaa kwenye benchi langu, na midomoni mwao nayasikia yaleyale ninayoyasoma kundini: mchezaji huyu mzigo, kocha tapeli, viongozi wezi, na aliyesema timu imecheza vizuri basi kalipwa. Asiyelaumu huonekana mjinga. Wapo waliochoka wakatoka kimya kimya, akiwamo mama mmoja aliyekuwa akitukusanyia michango ya misiba. Kumkosa yeye kumeniuma kuliko kufungwa na Yanga.

Hapa mpakani jambo hili lina sura ambayo Dar es Salaam hawaioni. Wazambia wanaocheza kwetu ni watoto wa jirani. Ukivuka tu uko Nakonde, Zambia, ambako saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na kundini wamo watu wa Nakonde walioanza kuipenda Simba Clatous Chama alipokuja mwaka 2018. Tulimwita Mwamba wa Lusaka. Julai 2024 akahamia Yanga, na siku hiyohiyo akawa nyoka. Kuuchukia uhamisho ule ilikuwa haki ya shabiki. Lakini kufika asubuhi matusi yalikuwa yameshamwacha Chama na kuwaangukia Wazambia wote, na wenzetu wa Nakonde walikuwa wanasoma.

Mwaka huohuo Simba ikamleta Joshua Mutale kutoka Power Dynamos ya Kitwe. Kila alipopoteza mpira, kundi lilimrudisha kwao. Ikafika Mei 25, 2025, mchezo wa marudiano wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane, Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Tulikuwa tumefungwa mabao mawili kule Morocco. Aliyetufungia bao siku ile alikuwa Mutale. Baadaye Yusuph Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu, Berkane wakasawazisha dakika za nyongeza, kombe likaenda. Kibanda umiza tulimotazamia mchezo kilinyamaza kizima. Kundini hakukuwa na kimya: kabla watu hawajafika majumbani kwao, Kagoma alikuwa ameshahukumiwa, na bao la Mutale halikutajwa na mtu mpaka kesho yake.

Nimeitafuta katika Biblia dhambi ya kulalamika, na niliyoyakuta yalinishangaza. Zaburi zimejaa malalamiko makali kuliko lolote lililowahi kuandikwa kundini kwetu. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haina shukrani wala ahadi ya kesho, na imeachwa ilivyo katika kitabu cha sala. Ayubu anamshtaki Mungu sura baada ya sura, na mwisho wa kitabu wanaokemewa ni rafiki zake, waliokuwa wamejifanya mawakili wa Mungu. Waisraeli nao walilalamika jangwani, maji, nyama, safari, na wakahukumiwa. Kwa nini wao wahukumiwe na Ayubu asihukumiwe? Si kwa ukali wa maneno, maana Ayubu aliwazidi. Sura ya kwanza ya Kumbukumbu la Torati ndiyo iliyonifumbua macho: wale walinung'unikia mahemani mwao. Walimsema Mungu wao kwa wao, ndani, mapazia yamefungwa, ilhali Mungu mwenyewe alikuwa anafikika. Ayubu alimgeukia. Alidai jibu, akalingoja, na lilipokuja alikaa akalisikiliza, ingawa halikuwa jibu alilolitaka.

Mtu ataniambia kwamba siku hizi hakuna hema, mashabiki huwaandikia wachezaji moja kwa moja kwenye Instagram. Ni kweli, na wanayoyaandika nimeyaona. Ila anayetupa tusi kwenye ukurasa wa kijana wa miaka ishirini na kitu, akafunga simu akalala, hajamkabili mtu. Kumkabili mtu ni kukubali kwamba naye atasema, na kwamba kesho mtaonana.

Wazee wetu hili walilijua vizuri. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na utani wa makabila haukuwa na maneno laini. Mtani aliweza kukuaibisha mbele ya wakwe zako, na mtani huyohuyo ndiye aliyefika kwenye msiba wako na kushika kazi. Jirani yangu fundi viatu ni Mwananchi, shabiki wa Yanga wa kutupwa. Yanga ilipotupiga 5-1, Novemba 5, 2023, alisimama mbele ya kibanda changu ameninyooshea vidole vitano, na kwa wiki nzima hakunisalimia kwa njia nyingine. Baada ya fainali ya Zanzibar alikuja, akakaa kwenye benchi, akasema, "Pole dada yangu, mlipambana." Yeye ni Mwislamu, na ndiye aliyenieleza kwamba Suratul Hujurat inakataza watu kudharauliana, kubandikana majina mabaya na kusengenyana. Huyu mtani hajawahi kunivunja moyo. Walionivunja moyo wanavaa nyekundu kama mimi.

Wapo wanaoongoza makundi kwa kupiga marufuku lawama zote: ukikosoa unatolewa. Nalikataa hilo kwa nguvu zote. Kundi la kusifu tu ni lile la rafiki za Ayubu, na viongozi wabovu wa soka hulipenda sana. Shabiki aliyelipa kiingilio, aliyepanda basi usiku kucha kwenda Dar es Salaam, aulize fedha zimekwenda wapi na beki kasajiliwa kwa vigezo gani. Aulize kwa jina lake, amuulize anayehusika.

Kanisa langu lenyewe lilizaliwa upya kutoka katika ugomvi wa namna hii. Watu waliokimbia kwa ajili ya imani yao wakajenga kijiji cha Herrnhut, Ujerumani, walifika mahali wakagawanyika, wakalaumiana na kumlaumu hata aliyewapa ardhi, Zinzendorf. Yeye akaacha kazi yake Dresden, akahamia kijijini, akazunguka nyumba kwa nyumba akizungumza nao. Mei 12, 1727 wakatia saini mapatano ya kuishi pamoja, na Agosti 13 wakashiriki Meza ya Bwana wakiwa wamepatana. Wamisionari wa kanisa hilo walifika Rungwe mwaka 1891 na baadaye wakaja Mbozi. Watu wenye imani moja na adui mmoja walikaribia kumalizana kwa midomo, na kilichowaokoa ni mtu kwenda mlangoni kwa mtu.

Kwa hiyo tumekubaliana jambo moja kundini. Mwenye neno juu ya mwanachama, ampigie au amfuate alipo. Mwenye neno juu ya uongozi, aliandike tulipeleke kwenye tawi likiwa na jina lake. Mchezaji akosolewe kwa alichofanya uwanjani, asiguswe kwa alikozaliwa. Wengine wameona ni sheria za shule ya msingi, wakatoka. Yule mwenye uchungu amebaki, na barua ya kwanza iliyokwenda tawini ni yake, kurasa mbili, kali sana, na nimeisoma nikakubaliana na sehemu kubwa.

Wewe unayeongoza kundi la mashabiki, liwe la Vwawa, Mbeya au Nakonde, usianze na wanaopiga kelele. Anza na waliotoka. Fungua orodha yako, tazama nani hayupo, kisha nenda kwake kwa miguu yako, umuulize kilichomwondoa, na ukae mpaka amalize kusema.