Huruma ya Kikristo kwa Wasio na Makazi

Katika Ukristo, kumhurumia asiye na makazi ni kumpokea, wala si kumpa sadaka tu. Msingi wake ni Yesu mwenyewe. Injili ya Luka inasimulia kuwa alipozaliwa alilazwa horini kwa kukosa nafasi katika nyumba ya wageni. Katika Mathayo 8 anasema hana mahali pa kulaza kichwa, na katika sura ya 25 anafundisha kuwa amkaribishaye mgeni amemkaribisha yeye. Waraka wa Yakobo nao unawakemea wanaomtakia heri ndugu mwenye njaa kisha wakamwacha aende mikono mitupu.

Katika karne ya 4 mafundisho hayo yalizaa taasisi. Basili, aliyekuwa askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, katika Uturuki ya leo, kuanzia mwaka 370, alijenga nje ya mji makao ya wasafiri, maskini na wagonjwa, yenye waganga, wauguzi na mafundi. Wenye ukoma, ambao watu waliwakimbia, walihudumiwa pia, na rafiki yake Gregori wa Nazianzi anaeleza kuwa Basili aliwasalimu kwa busu. Mkate ungeweza kutumwa kwa mkono wa mtu mwingine, busu halitumwi.

Hata hivyo, taasisi huweza kumfanya muumini aone kuwa wajibu wake umekwisha kutimizwa na wengine. Akihubiri juu ya Matendo ya Mitume, askofu Yohane Krisostomo aliwaonya Wakristo wasijifiche nyuma ya nyumba za wageni za Kanisa, akataka kila familia itenge chumba cha kumpokea maskini. Karne nyingi baadaye, mwaka 1933, Marekani ikiwa katika mdororo mkuu wa uchumi, Dorothy Day na Peter Maurin walianzisha New York gazeti la Catholic Worker. Humo ndimo zilimotoka nyumba za ukarimu, ambamo waliojitolea waliishi na kula pamoja na wageni wao.

Jijini Nairobi, Padri Arnold Grol, Mholanzi wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alianzisha Undugu Society mwaka 1973 kwa ajili ya watoto na vijana wa mitaani. Kazi yake ilijumuisha elimu na mafunzo ya ufundi, kwa kuwa kitanda peke yake hakimpi mtu riziki.

Huruma ya namna hii humwita mtu kwa jina lake, husikiliza kilichomfikisha mtaani, iwe ni kodi, maradhi au mfarakano wa familia, na humwachia kauli juu ya maisha yake. Haimtozi sala kama bei ya chakula. Tena haiishii kwa mtu mmoja mmoja: Isaya 58 inamtaka anayefunga saumu amwingize maskini nyumbani na pia avunje nira ya dhuluma. Kwa hiyo Kanisa linalolisha waliofukuzwa kwenye nyumba zao lina wajibu pia wa kupinga ufukuzaji usio wa haki.