Jiwe Linalongoja Kiatu

Mwaka 1766 mwanafikra Mjerumani Gotthold Ephraim Lessing alichapisha kitabu chake, Laokoon, na humo akawachorea mpaka wasanii. Mshairi ana wakati wote anaoutaka, tukio likizaa tukio. Mchoraji na mchonga sanamu wana kitambo kimoja tu, basi wakichague kwa makini, na wajihadhari na jambo ambalo asili yake ni kupita upesi. Kicheko kilichogandishwa, alionya, ukikitazama tena na tena hugeuka kinyaa.

Yapata mwaka mmoja baadaye, huko Paris, Jean-Honoré Fragonard alichora picha inayokiuka onyo hilo waziwazi, ingawa hatuna haja ya kudhani kwamba alikuwa akimjibu Lessing. Katika Bembea, msichana aliyevaa gauni la rangi ya waridi amerushwa juu na kiatu kimemchomoka mguuni. Kijana amejilaza kwenye kichaka chini yake. Mzee ameshika kamba kivulini. Kiatu kimo hewani tangu 1767, na hakichoshi. Kwa nini?

Jibu langu liko upande wa kushoto, ndani ya majani, ambako ameketi Kupido wa jiwe, mungu wa mapenzi wa Warumi, kidole mdomoni. Sanamu hiyo Fragonard hakuibuni. Étienne-Maurice Falconet aliichonga kwa marumaru mwaka 1757 kwa ajili ya Madame de Pompadour, kipenzi wa Mfalme Louis wa 15. Katika marumaru yenyewe mkono mmoja unaamuru kimya huku wa pili ukichomoa mshale podoni. Yaani jiwe lina siri, na lina njama.

Tumezoea kusema kwamba mchoraji hodari hulipa jiwe uhai. Sikubaliani na kauli hiyo. Juu ya turubai, shavu la msichana na shavu la sanamu ni rangi ileile ya mafuta, na yote mawili hayajongei. Tofauti tunayoiona ni ya mwendo: kiatu kina kitambo, jiwe lina karne. Bila kitu kinachobaki, kinachopita hakionekani kupita. Msichana yule angening'inia hewani kama nguo kwenye kamba lau pasingekuwa na kiumbe asiye na haraka wa kumshuhudia.

Hata hivyo, jiwe na kiatu peke yake vingetupa hesabu kavu mno. Kuna miti, na miti ndiyo iliyotwaa sehemu kubwa ya picha. Fragonard aliipaka kwa mkono mwepesi, majani yakifumuka kama povu, na ukijani wake wa kibuluu umeihamia sanamu hadi hujui kivuli kinaishia wapi na marumaru inaanzia wapi. Mti haupiti kama kiatu wala haukatai kubadilika kama jiwe linavyojidai kukataa. Unadumu kwa kupukutika. Na nasema jiwe "linajidai" kwa sababu sanamu nyingi za Wagiriki na Warumi zilipakwa rangi zilipokuwa mpya. Weupe ule ambao Ulaya ya karne ya 18 iliuabudu kama usafi wa milele ni hasara iliyoletwa na jua, mvua na udongo. Kwa kuipaka sanamu ukijani wa majani, Fragonard ameirudisha ndani ya wakati, mahali ilipokuwa siku zote.

Ndiyo maana naona Lessing alikosea alipokiogopa kitu kinachopita. Palipostahili hofu ni kwenye kitambo kilichoachwa peke yake, kisicho na mwendo mwingine wa kupimana nacho.

Picha ipo Wallace Collection, London, na ni ndogo kuliko sifa zake: takriban sentimita 81 kwa 64. Ukijaliwa kufika, usianze na kiatu, maana kila mtu huanza nacho. Anza na majani ya kushoto, umtafute Kupido humo, kisha ufuate macho yake.