Jirani Apatanishapo Ndugu
(Mateo 18:15–17)

Ndugu wapenzi, Bwana wetu alituwekea ngazi tatu za kumrudisha ndugu aliyekosa. Kwanza ni maneno ya wawili faraghani. Yakishindwa, huitwa mashahidi wachache. Mwisho ndipo shauri huletwa mbele ya kanisa zima. Leo tuiangalie ile ya katikati, kwa maana ndiyo tuirukayo mara nyingi.

Twaiona kazi yake katika habari za Burundi. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, vita vikawaka ndani ya nchi, na watu wengi sana wakakimbilia kwetu Tanzania. Nyumba ya jirani ikiungua, cheche haziombi ruhusa kuvuka ua. Serikali ilipopinduliwa Julai 1996, nchi za jirani zilikutana Arusha, zikaifungia Burundi njia za biashara hata Januari 1999. Mwalimu Julius Nyerere akawakalisha pamoja wenye kugombana. Alipofariki mwaka 1999, Nelson Mandela akaipokea kazi, na tarehe 28 Agosti 2000 mapatano yakatiwa sahihi Arusha.

Je, vita vilikwisha siku ile? La, kwa maana makundi makubwa yenye silaha hayakuwamo katika mapatano. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika ulipeleka askari wa Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji kulinda amani, na mwaka 2004 Umoja wa Mataifa ukaupokea mzigo huo. Hata mwaka 2015 ugomvi ulizuka tena. Umoja wa Afrika ukakusudia kupeleka askari 5,000. Serikali ya Burundi ikakataa, nao wakuu wa nchi wakaliacha shauri lile.

Basi twajifunza nini? Jirani aweza kuufungua mlango wa amani, bali hawezi kuupita kwa niaba ya wenye nyumba. Tena mwenye kuadhibu na apime vema, maana kule kufungiwa biashara kuliwalemea maskini kuliko wakubwa. Walakini asiyekwenda kabisa ana kosa kubwa zaidi.

Nasi twakiri kosa letu. Ndugu wawili wa usharika wetu waligombania mpaka wa shamba. Miaka miwili tulipita tukimsalimu kila mmoja mlangoni pake, tukijiita watu wa amani. Tulikwenda kuwaamua siku ile panga lilipokwisha kujeruhi. Kumbe kimya chetu hakikuwa amani, kilikuwa woga.

Kwa hiyo, ewe mwalimu, nawe mzee wa kanisa, uko mlango mmoja unaoujua. Mchukue mwenzako, mwende jioni hii, kabla jua halijatua juu ya hasira yao. Naye Bwana Yesu, aliyetupatanisha na Baba tulipokuwa tungali adui, awatangulie njiani. Amin.