Mgonjwa na Mchuuzi

Ukitoka Uchindile kwa reli ya TAZARA kuelekea Makambako, unapanda katika nchi ya ulanzi. Sheria huruhusu ulanzi, huharamisha bangi; ilhali ulanzi nao ukizidi huvunja nyumba. Basi, wengine huuliza, kwa nini vyote visihalalishwe? Hoja hiyo ina pengo: dhara moja lililoachiwa halihalalishi la pili. Lakini kumfunga aliyekwisha fungwa na unga ni kumtia pingu mbili. Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kuwapa waathirika methadoni, dawa ya jamii ile ile ya unga, ila mkononi mwa tabibu. Hapo ndipo ilipo njia. Soko lifungwe, mlango wa tiba ufunguliwe. Asiyetofautisha mgonjwa na mchuuzi hamponyi yeyote.