Wimbo wa Ibada Ukishauzwa

Je, wimbo wa ibada hubaki ibada ukishaingia sokoni? Augustino wa Hippo aligusa shida inayokaribiana na hiyo katika kitabu chake Maungamo, karibu mwaka 400: kila alipovutwa na sauti kuliko maneno yaliyoimbwa, alijihesabia dhambi.

Chukua mfano wa mwaka 1968: kwaya ya vijana ya Kaskazini mwa California, chini ya mpiga piano Edwin Hawkins, ilirekodi santuri ndani ya kanisa mjini Berkeley ili kuchangisha fedha. Nakala zilikuwa kama 500 tu. Humo mlikuwa na "Oh Happy Day", utenzi wa Philip Doddridge ambao Waswahili huujua kama "Ni Siku Kuu" katika Tenzi za Rohoni. Hawkins aliacha beti, akashika kiitikio, ambacho hata si cha Doddridge. Kiliongezwa karne ya 19. Mwimbaji kiongozi Dorothy Morrison anaanza kwa sauti ya chini, kwaya inamwitikia, piano ikicheza mdundo wenye ladha ya Kilatini. Redio za San Francisco ziliupiga, kampuni ya rekodi ya Buddah ikauchukua, na mwaka 1969 ukafika nafasi ya 4 katika chati za Marekani na ya 2 Uingereza.

Baadhi ya viongozi wa kanisa walichukizwa: jina la Yesu linachezewa dansi kwenye vilabu! Hoja hiyo ni dhaifu, kwani Injili haikuwahi kuchagua wasikilizaji. Hoja ya fedha, kwamba ibada iligeuzwa biashara, ina uzito zaidi, ila nayo ina kasoro, maana zile nakala 500 pia ziliuzwa na hakuna aliyeona ni kufuru. Kilichobadilika ni mwenye mali. Kwaya ya watu zaidi ya 40 ilipewa jina la mtu mmoja, Edwin Hawkins Singers, na Morrison akaondoka kuimba peke yake. Maneno hayakunajisika, jamii iliyoyaomba pamoja ndiyo iliyomeguka.

Edwin Hawkins Singers walipata tuzo ya Grammy, wakamwitikia mwimbaji Melanie katika wimbo wake wa 1970, lakini hawakupata tena wimbo wao wenyewe wenye umaarufu huo. Mwanamuziki George Harrison wa Beatles alikiri kwamba "Oh Happy Day" ndio uliomchochea kutunga "My Sweet Lord" (mahakama, kwa kinaya, ilimwona ameiga wimbo mwingine kabisa). Hawkins aliendelea na muziki wa Injili na kufundisha wanakwaya hadi alipofariki mwaka 2018.